Mutura ya Jumatatu ya Pasaka

Mto Gura ulimchukua Ngatia mchana, Jumatatu ya Pasaka mwaka wa 1988, jua likiwaka.

Hakuna tone la mvua lililotuangukia siku hiyo.

Ukiuliza watu wa Giakanja watakuambia ni mafuriko. Mafuriko gani? Ngatia aliuawa na mutura.

Kwa asiyejua, mutura ni utumbo wa mbuzi uliojazwa nyama na damu, ukachomwa polepole. Ndiyo ya mwisho kuiva. Na kwetu, wanaume wakienda kuchinja mbuzi mbali na nyumba, hakuna anayeondoka kabla mutura haijagawanywa. Ukiondoka, utasemwa mpaka meno yakuishe.

Mwanamke naye hafiki pale. Akikaribia, anafukuzwa kama kuku aliyeingia jikoni.

Naandika haya kwa sababu Jumapili iliyopita nilipita mahali pale pale. Nikakuta vijana kutoka mjini wamekaa juu ya jiwe lile lile, na spika, na simu za kupigia picha, na watoto wadogo. Huko juu kwenye milima ya Nyandarua mawingu yalikuwa meusi kama sufuria ya githeri.

Nikawaambia watoke.

"Buda, tulia," mmoja akanijibu. "Kwani huoni jua inawaka?"

Naliona. Hata siku ile niliona.

Mbuzi alikuwa wa ndugu yangu Simeon. Alikuwa anafunga harusi na Warigia mwezi wa Agosti, na Kingori, mwenye bucha pale Gatitu, alikuwa amemwambia kwamba mwanamume haoi kabla ya kulisha wenzake. Kingori alikuwa mtu wa kuamua mambo ya wengine. Alikuwa na tumbo na sauti, na watu wengi wakiona hivyo viwili wanadhani wameona akili.

Yeye ndiye aliyechagua jiwe. Pana kama meza, katikati kabisa ya mto. Unavuka kwa kurukaruka juu ya mawe madogo.

"Kwa nini katikati?" nilimuuliza.

"Hapa hakuna mwanamke atatusumbua," akasema.

Mwezi wa Aprili. Msimu wa mvua ndefu. Mto unaoteremka mbio kutoka mlimani. Na mtu mzima anaogopa wanawake.

Tulikuwa wanne tu: Kingori, Simeon, Ngatia na mimi. Ngatia alikuwa fundi wa baiskeli, mtu wa mzaha, na kazi yake siku hiyo ilikuwa kuigeuza mutura. Mbuzi tulimchinjia ukingoni, nyama tukaichomea juu ya jiwe. Kamba yake tukaiacha imening'inia mtini, kamba ndefu ya katani, kwa maana Kingori alikuwa ameazima ile ya ng'ombe.

Tulikula mbavu. Tukala figo. Bia tulikuwa tumeitia majini kati ya mawe ipate kupoa.

Kisha nikasikia chupa zinagongana.

Nikageuka. Maji yaliyokuwa meupe asubuhi yalikuwa yamebadilika rangi. Majani yalikuwa yanapita, na povu, na matawi mabichi.

"Kingori, maji imebadilika."

"Imebadilika aje?"

"Imekuwa kama chai."

"Basi weka sukari!"

Wakacheka mpaka Ngatia akaangusha kijiti cha kugeuzia.

Hapo ndipo Warigia alipotokea. Alikuwa amelala kwa shangazi yake, huko juu karibu na msitu, na alikuja akikimbia kwenye mteremko, viatu mkononi, matope mpaka magotini.

"Tokeni! Tokeni hapo! Huko juu kumenyesha tangu asubuhi! Ile daraja ya magogo imebebwa, nimeona na macho yangu!"

Mtu mwenye akili akisikia hivyo anafanya nini? Anatoka. Kisha, akishakauka, ndipo anauliza maswali.

Kingori alitafuta kwanza kitambaa cha kufutia mafuta mdomoni.

"Simeon, huyu ni nani? Ati bibi ameanza kukuchunga na hata hujamaliza mahari?"

"Dada, rudi nyumbani!" Ngatia akapaza sauti. "Hii ni ya wanaume. Tutakuletea supu ya kichwa!"

Warigia hakuwaangalia. Alimwangalia Simeon.

"Simeon, nakuomba."

Ndugu yangu akaangalia nyama, akamwangalia Kingori, kisha akasema maneno ambayo nayasikia mpaka leo.

"Warigia, enda nyumbani. Usiniaibishe."

Mimi nikasimama. Msinipigie makofi. Jiwe la kwanza la kuvukia lilikuwa tayari limefunikwa, na miguu yangu iliona kabla ya kichwa. Nikamshika Simeon mkono wa shati.

"Twende. Wewe hujui kuogelea."

"Hata wewe hujui."

"Ndiyo maana naenda."

"Mutura bado, Mutahi! Watu watasema nini?"

Nikamwachilia. Nikaruka, nikateleza, nikafika ukingoni maji yakiwa kiunoni.

"Mutahi, ukifika wasaidie wanawake kufua!" Kingori akanipigia kelele mgongoni.

Huo ndio ulikuwa mzaha wake wa mwisho siku hiyo.

Maji hayakuja kama ukuta, vile watu husimulia. Yalikuja na mlio, kama lori la mawe linalopanda mlima, halafu yakawa tu yameongezeka. Ukipepesa macho, mawe ya kuvukia hayapo. Ukipepesa tena, moto umezimika kwa kishindo cha mvuke. Wale watatu wakabaki wamesimama juu ya jiwe, wameshikana kama kondoo.

Na yule jenerali wa bucha?

"Warigia! Mama! Warigia mama yangu, fanya kitu!"

Sasa mwanamke amekuwa mama.

Warigia alikuwa ameshaishika kamba ya mbuzi. Aliizungusha kwenye shina la mti, akajifunga mwisho wake kiganjani kwa sababu mikono ilikuwa na matope na kamba iliteleza. Mimi nikaishika kamba nyuma yake. Akaokota jiwe, akalifunga kwenye ncha nyingine, akarusha. Mara ya kwanza ikaanguka majini. Mara ya pili Simeon akaidaka.

Simeon akaidaka, lakini Kingori ndiye aliyekuja kwanza. Alimnyang'anya. Alitoka majini kwa magoti na mikono, akapita hapo tulipo, akaenda kukaa kwenye nyasi. Hakugusa kamba tena.

Warigia akairusha upya. Simeon akaingia. Katikati, mto ukamnyanyua miguu, na uzito wake wote ukaja kwenye kamba kwa mara moja. Mkono wa Warigia ukavutwa, ukabanwa kati ya kamba na gome la mti.

Nilisikia kitu kikivunjika. Nikadhani ni tawi.

"Achilia mkono!" nikamwambia.

"Nikiachilia atakwenda," akasema. Hakupiga kelele. Alisema tu hivyo, uso ukiwa mweupe kama majivu, na akavuta.

Simeon akatoka. Akatapika maji juu ya viatu vya Warigia.

Ngatia alikuwa amebaki. Kamba ilikuwa njiani kumfikia. Maji yalikuwa magotini mwake, na mutura ilikuwa inaelea, inazunguka kando ya jiwe. Akainama kuichukua.

Sijui kwa nini. Labda mazoea, maana ndiyo kazi aliyopewa. Akainama, na aliponyanyuka hakuwa tena juu ya jiwe.

Walimpata baadaye, mbali sana huko chini.

Mngedhani hadithi imeisha hapo, watu wamejifunza, wamelia, wamebadilika. Mnawajua watu nyinyi?

Baada ya mazishi Kingori alichinja mbuzi wa kushukuru Mungu. Alichinja karibu na mto ule ule. Aliwaita wanaume wote, na kila mmoja akasimama kueleza vile Kingori alivyopigana na maji. Warigia hakuitwa. Ni mwanamke, aende wapi?

Kesho yake akaja nyumbani kwetu, mkono ukiwa bado kwenye bendeji. Mama akampa kiti. Hakukaa.

"Simeon, jana ulienda?"

"Nilienda."

"Ulikula?"

Simeon akajaribu kucheka. "Sasa ningekataa aje? Ni mbuzi ya shukrani."

"Mutura pia?"

Mama akaangalia chini.

"Basi mbuzi zenu mtaletewa," Warigia akasema, akaenda zake. Tulidhani ni hasira ya siku moja. Kabla ya Agosti mbuzi wa mahari walirudishwa wote, wamenenepa kuliko walivyokwenda. Baadaye aliolewa mbali, huko Kutus, na nasikia mumewe akiitwa na mkewe, anaitika.

Kwa hiyo nyinyi wa spika na picha, mvua ya huko juu ndiyo maji ya hapa chini, hata kama kwenu jua linachoma kichwa. Mto ukigeuka rangi, ondoka na uache chakula. Na mtu akikupigia kelele kutoka ukingoni, toka kwanza, kisha ndipo umuulize yeye ni nani.

Ile Pasaka ilitugharimu hivi: mtu mmoja, vidole viwili vya mkono wa kulia wa Warigia, harusi moja, na mutura ambayo hakuna aliyeionja.