Mwewe wa Mkwajuni

Hatibu alikuwa akiosha picha dukani kwa Dharsi, Ngamiani, na mwaka wa hamsini na nne tajiri wake huyo akampa kamera kuukuu ya kisanduku. Mwingine angewapiga picha ndugu zake. Yeye akapiga mwewe. Kila asubuhi alisimama uani kwake Nguvumali, shingo juu, akimvizia mwewe aliyejenga kiota mkwajuni. Mama yake, Bi Mastura, akimcheka:

"Huyo ndiye anayenimalizia vifaranga, nawe wamtakia sura nzuri?"

Mkewe, Mwatumu, hakucheka. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike, Asmahani, na homa haimtoki mtoto. Alitamani apigwe picha. Bi Mastura akakataa katakata: mtoto hapigwi picha kabla ya arobaini, macho ya watu si mazuri. Hatibu hakuthubutu kumpinga mama yake.

Siku ya thelathini tangu mtoto azaliwe Hatibu alimpiga picha mwewe akitua kiotani, akaiacha kamera dirishani, akawahi kazini. Bi Mastura naye alikwenda matangani. Mwatumu akamlaza mtoto penye mwanga, kwenye mlango wa uani, akaitwaa kamera, akabonyeza kama alivyomwona mumewe akibonyeza. Hakujua kwamba kila baada ya picha moja filamu huzungushwa kwa mkono, ndipo upige nyingine.

Siku tatu baadaye Asmahani akazikwa.

Hata arobaini ya kuzaliwa kwake haijafika, Hatibu akarudi na bahasha, uso umemsawijika. Picha ilikuwa moja, na ndani yake wawili: Asmahani macho wazi, na mwewe juu yake, bawa limempita usoni.

"Nani aliishika kamera?"

"Mimi," akasema Mwatumu. "Nilitaka sura yake ibaki."

Bi Mastura alipoiona akasema ndiye ndege aliyemchukua mtoto, picha ichomwe. Mwatumu akaitia kifuani. Hatibu akarudi mara tatu kwenye chumba cha giza cha dukani, ajaribu kumtoa mwewe. Kila karatasi aliyoiosha, walitoka wote wawili.

"Basi, muache," Mwatumu akamwambia.

Mchana, mama mkwe akijilaza, Mwatumu huitoa picha akaliziba bawa kwa kidole gumba. Paji la uso la mtoto nalo huzibika, na jicho moja. Huondoa kidole, akawatazama wote wawili.