Kigorowa cha Kutunga

Nianze na ujinga wenyewe, kabla hamjanipenda bure: nikiwa na miaka tisa nilimfundisha Mchina lugha ambayo haipo. Juzi nilipita kibanda kimoja cha Bonga, supu ikanukia tangawizi, nikakumbuka yote na njaa ikaisha.

Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya enzi hizo. Ofisi zilinuka rangi, na sisi watoto wa Bagara tulijiona wa mjini kupita kiasi. Bwana Chen, mpima barabara, alipanga chumba cha uani kwetu. Jioni alipika supu ya tangawizi, nami nilikaa karibu na sufuria kama paka. Kiswahili chake kilitembea kwa magongo, ila siku moja alinieleza kwamba kwao wazee wa zamani walisema maji ukiyaongezea maji hayawi supu. Kila kitu kibaki na ladha yake, ndipo chungu kinapatana. Hata mtu mwema hupatana na wenzake bila kufanana nao. Akaniuliza nyumba yetu ina ladha gani.

Nikajibu Kigorowa, lugha ya Bibi, mama yake Baba. Akataka nimfundishe, aje amsalimie. Tatizo dogo: sikujua hata neno moja. Shuleni aliyeongea kilugha alichekwa mpaka basi, na kiongozi wa kucheka nilikuwa mimi. Lakini bakuli lilikuwa linafuka mvuke. Nikatunga. Kila jioni bakuli moja, maneno matano. Aliyaandika yote daftarini kwa ule mwandiko wao wa vijumba vijumba, akiniuliza kama anatamka vizuri. Nikamwambia poa kabisa.

Bibi alikuwa ameanza kusahau. Alimwita mbuzi kwa jina la Babu, na Babu, marehemu, hakulalamika. Tangu shoga yake wa Mutuka afariki, hakuwa na wa kuzungumza naye lugha yake. Baba alikuwa machimboni Mirerani. Mama ni Mrangi wa Kondoa, Kigorowa hakijui. Kwa hiyo Bibi aliposikia kuna mgeni amejifunza Kigorowa, Jumapili alijifunga kitenge kipya, akakaa uani tangu asubuhi.

Bwana Chen akaja, akainama, akatoa maneno yangu yote bila kukosea. Nilibana kicheko kwa mikono miwili.

Bibi akasikiliza. Akamwomba arudie. Midomo yake ikayafuata yale maneno, ikayatafuta. Kisha akanigeukia, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Mjukuu wangu, hata lugha hii yangu sasa imeniondoka."

Kicheko kilinikauka. Nilipaswa kusema pale pale, sikusema. Bwana Chen alidhani amekosea matamshi, akaomba radhi. Tangu siku ile sikumsikia tena Bibi akiongea Kigorowa mbele ya watu, wala kwa kuku wake. Masika yaliyofuata tukamzika.

Miaka yote nilijua nimemdanganya Mchina. Nimechelewa mno kuelewa kwamba yeye alirudi kwao na daftari lake, salama. Mwaka huu, nikiwa kidato cha tatu, ndipo nimemwambia Mama. Alikuwa akichambua maharage. Nilitamani anipige. Aliendelea kuchambua, kisha akasema:

"Baada ya ile siku bibi yako alinifuata jikoni, akanitamkia neno la maji kwa Kigorowa, akaniuliza kama ndilo lenyewe. Nikamwambia, Mama, wewe sema tu Kiswahili."