Upande wa Wanawake Uliopotea Kwenye Kaseti

Siku mahari yangu ilipoletwa niliulizwa mara tatu, na mara tatu nilijibu vizuri. Baba mudogo, aliyekaa mahali pa baba, aliniuliza mbele ya wakwe: "Mali hii, tukamate?" Nikasema: "Mukamate," yaani waipokee. Baba mwenyewe alikuwa hospitali kule Lubumbashi, macho yamefungwa bandeji, maana moto wa tanuru za kiwanda ulikuwa umeyaharibu. Kwa ajili yake tuliomba sherehe ipigwe video, na mikro mbili za kunasa sauti ziwekwe: moja kwa wanaume, nyingine upande wetu.

Baba akarudi Likasi na bandeji zake. Mchumba wangu alikuwa fundi umeme wa kiwanda, lakini mishahara ilikuwa imekuwa hadithi, basi alikuwa anatengeneza redio nyumbani. Yeye ndiye aliyehamisha sherehe kutoka kaseti ndogo ya kamera kwenda kaseti kubwa ya video. Tukamkalisha baba karibu na televisheni. Akamsikia mdogo wake: "Tukamate?" Kisha kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu, kimya vilevile, na wanaume wakapiga makofi.

"Mutoto hakujibu," baba akasema.

"Baba, minye nilijibu. Midomo inaonekana pale."

"Midomo? Na weye unaona minye iko na macho?"

Nikamwambia aniulize tena hapo hapo. Akakataa. Kwake neno la binti ni lile alilolitoa mbele ya wakwe. La nyumbani ni la kumtuliza mzee tu. Asipolisikia, habariki mtu. Ilikuwa Jumanne, na misa ya ndoa yetu ilikuwa Jumamosi. Kuingia kanisani bila baraka ya baba, mimi nisingeweza.

Nilifika kwa mchumba wangu nimefura. Nikamuuliza sauti yangu ameipeleka wapi. Alisafisha mashine kwa manukato ya dada yake, maana yana spiriti. Chumba kikanukia harusi, sauti ikabaki ileile. Akausingizia umeme, eti mitambo ya umeme ya Mwadingusha siku hizi inatuma nusu.

"Umeme gani unaochagua wanawake?" nikasema. Maana hapo ndipo nilipong'amua: katika kaseti nzima hakuna mwanamke aliyekohoa hata mara moja. Nina shangazi wanne. Wote wanne kunyamaza saa nzima, jambo hilo Likasi haijaliona bado.

Nikachukua kamera yenye ile kaseti ndogo, nikavaa spika za masikioni. Sikio la kushoto, wanaume. Sikio la kulia, sisi wote, na kelele zetu. Nikafuata nyaya: kamera ilikuwa na mbili za sauti, nyeupe na nyekundu, na mashine yake ya video ilikuwa na tundu moja. Bwana fundi alichomeka nyeupe, ya wanaume. Nyekundu ilikuwa inaning'inia nyuma ya meza.

"Njo sisi hao," nikamwambia, nimeishika: ndio sisi wanawake, kwenye waya huo.

Alicheka mpaka akakaa chini. Nilitaka kuendelea kukasirika, ikanishinda. Akaunganisha nyaya zote mbili kwenye plagi moja, kila waya na kizuizi kidogo cha umeme alichoking'oa kwenye redio mbovu, ili upande mmoja usimeze mwingine. Umeme ukakatika, ukarudi Alhamisi mchana, tukanakili upya.

Baba akakaa tena. Mara hii shangazi zangu walijaa chumba kwa sauti zao, wakijadili ukubwa wa masikio ya mchumba wangu, naye amesimama pale pale. Baba akacheka, kicheko nilichokuwa sijakisikia tangu aumie.

"Tukamate?" "Mukamate." "Tukamate?" "Mukamate."

Kabla ya mara ya tatu palikuwa na kituo kidogo, na ndani yake nikajisikia nikimnong'oneza shangazi mkubwa maneno niliyokuwa nimeyasahau kabisa: "Kama baba angekuwa hapa, ningejibu mpaka watu wa kule Kamatanda wasikie."

Baba akainua mkono. Mchumba wangu akasimamisha kaseti. Mzee akaweka vidole juu ya bandeji, nami nikalia bila aibu.

"Bon," akasema. "Baba iko hapa. Mali ya hawa bantu, mutoto wangu, tukamate?"

Nikajibu. Kamatanda sijui, lakini jirani wa nyumba ya tatu aliacha kutwanga, akapiga vigelegele.