Nusu Duara ya Mkono wa Kushoto

Watu wakiniuliza kwa nini nachora maduara, ninayo majibu mawili. La kwanza ni la mjini. Nikiwa Kakamega, picha zangu zimetundikwa ukumbini na viatu vinanibana, nasema kwamba duara ni alama ya wanadamu wote, kwamba hakuna jamii duniani isiyolijua, kwamba pembetatu hutenganisha na duara hukusanya. Wageni huitikia kwa kichwa, na mmoja mmoja hununua. Sisemi uongo, ila nasema maneno makubwa kuliko niliyo nayo moyoni.

Jibu la pili ni ukuta wa jikoni kwetu, Shinyalu.

Jiko letu lilikuwa nyumba ndogo ya udongo, na kila Desemba, kabla ndugu zetu wa Nairobi hawajaanza kufika na mikate yao, lilikandikwa upya. Mama hakuifanya kazi hiyo peke yake. Aliifanya na jirani wa ng'ambo ya njia, ambaye nilimwita Mama Jirani tangu nilipojua kusema. Leo wangekandika kwetu, kesho kwake, na maneno yao hayakuisha siku zote mbili.

Mama alitumia mkono wa kulia, Mama Jirani wa kushoto. Udongo na kinyesi cha ng'ombe vikishakauka, kila mmoja alisimama mwisho wake wa ukuta, Mama kulia, mwenzake kushoto. Walichovya viganja katika udongo mweupe wa mtoni, wakazungusha mkono kutoka juu ya kichwa hadi gotini. Mkono wa Mama uliacha upinde uliotokeza kulia, wa mwenzake uliotokeza kushoto. Upinde baada ya upinde walikaribiana, mpaka wakakutana katikati, bega kwa bega, na hapo nusu zao mbili zikafunga duara moja kubwa. Hapakuwa na rula wala kamba. Kipimo kilikuwa urefu wa mikono yao, na walikuwa wa kimo kimoja.

Niliipenda dakika ile kuliko Krismasi yenyewe, na bado naikumbuka harufu yake.

Halafu yakaja mambo ya kuku. Wanawake wa kwetu hufunga kitambaa mguuni mwa kuku asichanganyike na wa jirani. Hawa wawili, kwa kupendana kwao, walirarua vitambaa kutoka leso moja nyekundu iliyochakaa. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo.

Mjomba wangu akatutembelea, na mjomba hapewi mboga za majani. Mama Jirani alikuja kusaidia kama kawaida. Mama akamwonyesha kuku mwenye kitambaa chekundu. Yeye akamkamata, akamnyonyoa kwa mikono yake, akasonga obusuma, ugali wa kwetu, tukala wote. Alikula bawa na kulisifu. Jioni, akifungia kuku wake, alimkosa mtetea wake anayetaga. Wetu alikuwa akitembea uani, mzima wa afya.

Alivuka njia, akasimama mlangoni petu. "Wewe, umenikulisha kuku yangu," alisema.

Mama angesema pole, yakaisha. Badala yake alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kesho yake alimhadithia mtu sokoni, na soko zima likacheka pia. Alipopata akili akapeleka kuku wa kulipa, na akarudishwa naye mlangoni.

"Peleka tu," Mama Jirani alimwambia. "Mimi sili kicheko."

Desemba hiyo Mama alikandika peke yake. Pinde zote zilitokeza upande mmoja. Alijaribu kuchora nusu ya pili kwa mkono wa kushoto, ikatoka kama mwandiko wa mtoto wa nasari, akaifuta kwa hasira. Ng'ambo ya njia, pinde za Mama Jirani zilitokeza upande wake tu. Aliyepita kwa pikipiki alijua habari zetu bila kuuliza. Kidole kimoja hakivunji chawa, watu walisema wakipita, kwa sauti ya kusikika. Nilikuwa kidato cha pili, na kwa aibu nikawa narudi nyumbani kwa kupitia shambani.

Zikapita Desemba kumi na tisa. Baba alipofariki, Mama Jirani alikuja matangani, akapika, akasugua masufuria, akaondoka bila kumtazama Mama usoni. Jiko la udongo lilibomolewa, likajengwa la matofali, nalo halihitaji kukandikwa. Mimi nikawa mchoraji. Nilijifunza kupiga msumari katikati ya turubai, kufunga kamba na kuzungusha penseli, na maduara yangu yakawa hayana kosa.

Mwaka huu wakulima wa kituo chetu cha majani chai waliniomba niwachoree ukuta wa banda la mizani. Mwenyekiti alitaka "kitu ya umoja". Nikapiga msumari, nikafunga kamba, nikachora duara kutoka chini hadi karibu na bati. Mama Jirani alifika na kikapu cha majani mgongoni, akasimama.

"Hii duara ni safi," alisema. "Lakini haina mtu."

Niliudhika. Kazi hii nimeisomea. Nilikaa juu ya ndoo ya rangi nikinung'unika, mpaka nikachoka kujidanganya, maana alisema kweli. Nikalifuta duara lile na kung'oa msumari. Nikasimama wima kama Mama, nikauzungusha mkono wangu wa kulia kutoka juu hadi gotini. Nusu ya kushoto nikaiacha wazi. Kesho yake nilimngoja Mama Jirani apime majani yake, kisha nikampa brashi.

"Mama, nisaidie kumaliza," nikamwomba.

Aliitazama nusu yangu, akanirudishia brashi. "Hii si mkono ya mama yako. Mwenye nusu akuje mwenyewe."

Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akimtaja Mama. Nilirudi nyumbani mbio, mtu mzima mimi, na rangi miguuni. Mama alikuwa akichambua maharagwe. Nikamweleza neno kwa neno. Alimaliza sinia lote kwanza.

"Kwani nani alikutuma uchukue nusu yangu?" akauliza.

Asubuhi alifika kituoni amefunga leso kiunoni, akichechemea kwa sababu ya goti. Mama Jirani alikuwa kwenye foleni ya mizani. Akatua kikapu chake. Hawakusalimiana. Nilikuwa nimeifuta nusu yangu, na nikawawekea rangi nyeupe katika karai. Brashi walizikataa wote wawili, wakachovya viganja. Hata karani akaacha kupima.

Walisimama bega kwa bega, Mama kulia, mwenzake kushoto, wakazungusha mikono.

Nusu hazikukutana. Ya Mama ilianzia chini ya ile nyingine, kama upana wa kiganja, na kuishia chini vilevile. Mgongo wake ulikuwa umepinda, na mimi niliyekuja nyumbani kila mwezi sikuwa nimeona. Kimo chao kimoja kilikuwa kimekwisha huku wakiishi ng'ambo na ng'ambo ya njia ya miguu. Niliona uchungu mpaka nikageuka.

Mama Jirani alilitazama pengo lile, kisha akamtazama Mama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Umekuwa mfupi," alisema.

Midomo ya Mama ikaanza kutetemeka. Naijua midomo ile. Aliibana, akaiziba kwa mkono wake wenye rangi, akaangalia chini.

"Cheka tu," Mama Jirani akamwambia.

Mama akacheka mpaka akashika ukuta. Alama ya kiganja chake iko pale hadi sasa, kando ya pengo ambalo mwenyekiti ameniomba mara mbili nilizibe, nami nimekataa.