Mpira wa Maji Uliokataliwa Kariandusi

Ashukuriwe Mungu anayetupa maji hata katika bonde hili la vumbi, na aliyetuacha hai tusimulie wema wake.

Mwanangu, siku hizi nawaona vijana mkipita Elementaita na magari yenye kitanda, jiko na tangi la maji. Nafurahi, maana mimi na marehemu mume wangu tuliishi ndani ya gari la namna hiyo tukihubiri, kutoka Keringet hadi Gilgil, na kifungua mimba wetu tulimlea humo humo.

Ipo siku moja ambayo siisahau. Mpira wetu wa kujazia maji ulikuwa umepasuka, kwa kuwa tulizoea kuuacha juani. Tukafika Kariandusi tangi likiwa kavu na mtoto akilia kiu. Mume wangu akaazima mpira katika boma la jirani, akausuuza mbio mbio, akauleta kwa bomba la mama mmoja mzee wa kanisa letu. Kabla ya kufungua maji, yule mama aliinama akaunusa.

"Mchungaji, huu umeutoa wapi?"

"Hapo juu kwa boma, mama. Nimeusuuza."

"Umesuuza na nini, na maombi? Huu ni wa kupulizia ng'ombe dawa ya kupe! Huyu ni mtoto ama ni ndama?"

Mume wangu akacheka kwa aibu. "Mungu atamlinda, mama."

"Anamlinda. Ndiyo sababu amenipa pua."

Nilimkumbatia mtoto wangu. Mume wangu alirudisha mpira, kisha akabeba maji kwa mitungi hadi shati likalowa, na yule mama akimpigia makofi: "Songa, mchungaji! Haya ndiyo mahubiri ya leo!"

Basi sikia, mwanangu. Haraka haraka haina baraka. Nunua mpira uliotengenezwa kwa maji ya kunywa, uwe wa kazi hiyo peke yake. Usiuazimishe, hata kwa rafiki, na ule wa kuoshea choo usikae nao pamoja. Ulioguswa na dawa ya mifugo hautakati, usiunywee kamwe. Kabla ya kujaza, pangusa mdomo wa bomba na uache maji ya kwanza yamwagike, maana yaliyolala ndani ya mpira si ya kuamini. Ukimaliza, mwaga yote, unganisha ncha zake zisiingie vumbi wala mdudu, uuweke kivulini. Mara kwa mara uoshe kwa dawa ya kutibu maji, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha usuuze sana. Kuomba tuombe, lakini na kunusa tunuse.

Yule mtoto sasa ana watoto wake, na kila ninapomwona akiinua kikombe, namshukuru Mungu kwa pua ya mama yule.

Nawe unayesoma, Bwana akutangulie njiani. Kikombe chako kisikauke, na kila atakayekunywa maji mkononi mwako apate uzima. Amina.