Ndama Mwekundu wa Nkololo

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kufika Nkololo, ng'ombe wetu mweusi alizaa ndama mwekundu, alfajiri yenye ukungu. Dume wetu naye alikuwa mweusi. Jirani akasema ni mkosi, tumuuze.

Dada yangu, aliyesoma sekondari Bariadi, akasema, "Baba, wekundu hujificha ndani ya weusi. Wekundu huo ukitoka kwa mama wa ndama na kwa baba yake pia, ndama anakuwa mwekundu. Hawa wawili, jike na dume, si watoto wa yule ng'ombe mwekundu, zawadi ya babu kwa mama?"

Mama akaanza kulia taratibu. Ng'ombe yule wa zawadi alikuwa amekufa kwa ukame.

"Kumbe hakuondoka," baba akasema, akimpapasa ndama.

Hatukumuuza. Tulisimama ukunguni tukimtazama akinyonya, mpaka jua likachomoza.