Barabara Mbovu ya Sifael

Kijijini kwetu, milimani juu ya Kihurio, ukimtaka Sifael huna haja ya kuuliza, sikiliza tu. Landrova yake huanza kulia tangu kona ya chini, na kwa miaka thelathini na moja ndiyo imetushushia tangawizi, wagonjwa na maharusi. Pale panapoitwa Kwa Mbwambo, kipande cha kama kilometa moja cha mawe na makorongo matupu, abiria wote hushuka na kutembea. Sifael hubaki peke yake kwenye usukani, akipanda huku analibembeleza gari kwa Kipare. Sisi tulikuwa tukiilaani barabara ile. Yeye, naapa, alikuwa anaipenda.

Mwaka juzi, mwezi wa saba, Anderson wa Same, anayetembeza wageni, alimletea kazi. Kampuni moja ya nje ilikuwa na magari mawili ya porini ambayo hayajaanza kuuzwa, ikitaka kuyajaribu mahali pabaya kuliko pote. Sifael aliyakuta uani kwenye nyumba ya wageni, yamebandikwa plastiki yenye michirizi myeusi na myeupe kuanzia boneti hadi mlango wa nyuma, mtu asijue umbo lake wala nani kayatengeneza. Mhandisi mkuu alikuwa ameshaonyeshwa picha za Kwa Mbwambo, na alizipenda sana. Sifael angewaongoza siku tatu. Alitia saini karatasi kwamba hatamwambia mtu magari yale ni ya nini wala yamefuata nini. Kisha mhandisi akamwahidi kwamba siku ya tatu Sifael mwenyewe atashika usukani wa gari mojawapo, apande Kwa Mbwambo.

Ahadi hiyo ndiyo iliyomwondolea usingizi. Mtu huyu hajawahi kuendesha gari jipya maishani mwake. Hata Landrova aliinunua tayari imechoka. Lakini ni mzee wa kanisa, na akisema amesema. Hata mkewe, Fortunata, hakumwambia.

Alichofanya ni kumtaarifu Mama Ernesta, mwenyekiti wetu wa kitongoji, kwamba Jumatatu watakuja wageni wenye magari, watapita Kwa Mbwambo, watakaa siku tatu. Alipoulizwa wanafuata nini, alisema ataeleza siku nyingine. Akateremka Same kujiandaa na Anderson na wale wageni.

Sasa, Mpare umwambie wageni wanakuja na njia ni mbovu, halafu unyamaze? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Jumamosi alfajiri Mama Ernesta aliamuru pembe ipulizwe. Ni msaragambo: kila nyumba itoe mtu na jembe, na asiyetokea bila udhuru, kuku wake huliwa na waliotokea. Tulitokea. Miaka mingi tulikuwa tunaisubiri serikali itengeneze kipande kile, kumbe tulichokosa ni aibu tu ya kuonekana na wageni.

Sifael alirudi saa nane mchana akatukuta watu zaidi ya arobaini, tumeshafukia zaidi ya nusu. Fortunata alikuwa na jiwe kichwani. Mimi nilikuwa na mtaimbo, nikauona uso wa Sifael, nikadhani ni uchovu wa safari. Ni mwaka huu tu, gari lile lilipoanza kuuzwa, ndipo aliponieleza kilichokuwa moyoni mwake siku ile, na nilimhurumia kweli. Neno moja tu lingetusimamisha, na neno lenyewe alikuwa amelitilia saini. Tena angewaambiaje watu wenye malengelenge mikononi kwamba wageni wamefuata ubovu?

Alijaribu kidogo. Alisimama mbele ya korongo kubwa, akasema, "Hili liacheni."

"Wageni wako wavunjike hapa, halafu tuseme nini?" Mama Ernesta alimuuliza.

Akaomba jembe, akalifukia korongo lile mwenyewe, na alilishindilia vizuri kuliko sisi sote, kwa sababu kufanya kazi mbovu hawezi.

Jumatatu magari yakaja na michirizi yake, sisi tumejipanga pembeni, vigelegele juu. Yalipanda Kwa Mbwambo kama yako kwenye lami. Mhandisi akashuka, akarudi kwa miguu mpaka chini akitazama, kisha akazungumza na Anderson kwa sauti ndogo. Hakukasirika. Alitushika mkono mmoja mmoja, mpaka watoto.

Anderson akamvuta Sifael kando. Walikuwa wanaondoka mchana huohuo kutafuta milima mingine.

"Na ile siku yangu ya tatu?" Sifael aliuliza.

"Ilikuwa ya barabara ile, mzee wangu. Hii hata mimi naipanda."

Magari yakaondoka. Mama Ernesta alikuja akijifuta jasho kwa ncha ya kanga, uso umemjaa furaha ambayo sijawahi kuiona tangu achaguliwe.

"Baba Jenifer," alimwita Sifael, "wageni wako wameridhika?"

Sifael alimtazama, akamtazama mkewe, akatutazama na sisi na majembe yetu.

"Wameridhika mno," alisema. "Wanasema hawajawahi kupokelewa hivi."

"Basi wakirudi watakuta tumemalizia mpaka kule juu kanisani. Tunaanza Jumamosi."

Sifael akamwambia atakuja na jembe lake mwenyewe, na alikuja.